Si Kosa la Kitabu

Upo usemi unaopendwa na wazee wetu wa mwambao, ambao umeingia bara pamoja na vyuo vya Kurani, kwamba asiye na mwalimu, mwalimu wake ni shetani. Usemi huu una heshima yake. Umewalinda vijana wengi na majivuno ya kujiona wamekwisha kujua kabla hawajaanza kujifunza. Lakini kila usemi una mipaka, na usemi uliovuka mipaka yake huwa dhuluma. Katika insha hii nakusudia kuonyesha kuwa usemi huu umekidhulumu kitabu, na kuwa lawama inayotupwa juu ya kitabu yatustahili sisi walimu na wanachuo wa Kiswahili. Sisi ndio tuliokiacha kitabu kizungumze na watoto wetu kwa lugha wasiyoijua, kisha tukashangaa kuwa hawakusikia. Mfano wangu ni kitabu cha kufundishia karate. Najua kwamba baadhi ya wasomaji watatabasamu. Nawaomba watabasamu hata mwisho wa insha, kisha waniambie kama jambo lenyewe ni la kuchekesha.

Nilizaliwa na kukulia Kwamndolwa, katika nchi ya Korogwe. Nchi yetu ni nchi ya mkonge. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na tangu hapo umeamua habari nyingi za watu wa bonde la Pangani: nani ahamie, nani aajiriwe, nani azikwe mbali na kwao. Baba yangu alikuwa fundi katika korona, yaani kiwanda ambamo majani ya mkonge husagwa hata zikatoka nyuzi za katani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa darasa la sita, bwana mmoja aliyekuwa akihama aliacha lundo la karatasi chakavu, na katika lundo hilo mlikuwa na kitabu cha Kiingereza cha kufundishia karate. Jalada lake halikuwapo, wala kurasa za kwanza hazikuwapo, hata leo sijui jina la mtungaji wake.

Mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tulikiokota kama watu waliookota dhahabu. Tulikuwa tumekwisha kuingia katika banda la video mjini Korogwe na kumwona Bruce Lee. Marehemu huyo alikufa mwaka 1973, lakini kwetu sisi alikuwa hai kila Jumamosi. Filamu ilituonyesha mtu anayeshinda. Kitabu kilituonyesha, picha baada ya picha, mtu anayejifunza kushinda. Tulihisi tofauti hiyo ijapokuwa hatukuweza kuitaja. Kila alasiri, tukisha kuchota maji na kukata kuni, tulikwenda nyuma ya nyumba, tukakiegemeza kitabu juu ya jiwe, tukasimama kama picha zilivyosimama.

Maneno hatukuyasoma. Shule ya msingi ilitufundisha masomo yote kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja miongoni mwa masomo. Tulijua kuamkiana na kutaja meza na kiti. Chini ya kila picha palikuwa na aya fupi ya maandishi madogo, nasi tuliipita kama mtu apitavyo uchochoro wa giza, macho yakiwa mbele penye mwanga.

Siku moja tulifika penye picha ya nguzo. Wajapani huiita makiwara. Ni ubao uliosimikwa ardhini, ambao kichwa chake kimefungwa kamba ya majani makavu ya mpunga, na mwanafunzi huupiga ngumi kila siku ili mkono wake upate kuzoea. Majani ya mpunga hatukuyahitaji. Tulikuwa na kitu bora, tena cha bure: tulizungusha katani. Kwa nguzo yenyewe tulitafuta mwarobaini mnene kuliko yote tuliyoweza kuibeba, tukaichimbia shimo la kina, tukaishindilia kwa mawe hata isitikisike. Tuliona fahari kwamba nguzo yetu ilikuwa imara kuliko ile ya kitabuni.

Binamu yangu alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, na shujaa kwangu kwa miaka mingi. Alisimama mbele ya nguzo, akakunja ngumi, akapiga kwa nguvu zake zote. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Mfupa ulio nyuma ya kidole chake cha mwisho ulivunjika. Fundi wa mifupa aliufunga kwa vijiti na vitambaa. Ukaunga, lakini ukaunga kwa kupinda, na kifundo cha kidole kile kikazama, wala hakijainuka hata leo. Kalamu hakuweza kuishika kwa muda mrefu, na mtihani wa darasa la saba aliufanya kwa mkono wa kushoto. Sisemi kuwa kidole ndicho kilichomnyima nafasi ya sekondari, kwa kuwa wengi wenye vidole kumi vilivyonyooka walikosa mwaka ule. Lakini yeye mwenyewe husema hivyo, nami sina ushahidi wa kumkanusha.

Baba alikichukua kitabu. Hakukichoma moto, kama shangazi alivyotaka. Alikitia ndani ya sanduku lake, akafunga kwa kufuli, akaniita.

"Mwanangu," alisema, "kitabu hakina macho. Kingekuwa na macho kingalimwona mwenzako anavyokosea, kikamzuia. Asiye na mwalimu, mwalimu wake ni shetani."

Niliitika, "Ndiyo, baba," na kwa miaka mitano niliamini.

Nilipomaliza kidato cha nne baba alifungua sanduku, akanipa kile kitabu, akasema kuwa sasa nimekuwa mtu mzima na huenda nikaweza kukisoma. Nilikwenda moja kwa moja katika picha ya nguzo. Chini yake palikuwa na mistari isiyozidi kumi. Mstari wa kwanza ulisema kuwa nguzo haina budi kuchongwa iwe nyembamba kuelekea juu, ili ipinde kila ipigwapo na kurudi yenyewe; nguzo isiyopinda itamjeruhi mpigaji. Mingine ilisema kuwa ngumi hupiga kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, wala si kwa vifundo vya mwisho. Mingine ilisema kuwa anayeanza na apige polepole, kwa majuma mengi, kabla ya kutumia nguvu. Mambo matatu tuliyokosea, mambo matatu yaliyoonywa. Shetani hakuwapo pale nyuma ya nyumba yetu. Mwalimu alikuwapo, tena alikuwa akipiga kelele, lakini kwa Kiingereza.

Hii ndiyo sababu ya insha hii. Sasa nitawajibu wapinzani wangu mmoja mmoja, maana ni wengi, na baadhi yao ni rafiki zangu.

Mpinzani wa kwanza ni baba yangu, naye ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Yeye asema kuwa kitabu hakina macho. Nakubali. Kitabu hakiwezi kukuona, hakiwezi kukusukuma nyonga irudi mahali pake, hakiwezi kukwambia kuwa leo umechoka, pumzika. Tena kupambana na mtu hakufunzwi na karatasi, kwa kuwa karatasi haikwepi wala hairudishi pigo. Yeyote asemaye kuwa amekuwa bingwa kwa kusoma peke yake anajidanganya. Walakini hoja ya baba yathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba mwalimu aliye hai ni bora kuliko kitabu. Haithibitishi kuwa kitabu ni bure mahali pasipo na mwalimu. Kwamndolwa hapakuwa na mwalimu wa karate. Tulikuwa na kitabu au tulikuwa na filamu, na filamu ilionyesha watu wakirukaruka bila kutaja hatari hata moja.

Tena, wanaodai kuwa karate ni elimu ya mkono kwa mkono na kwamba kitabu ni mgeni ndani yake, hawajui nasaba ya karate. Ni kweli kwamba katika kisiwa cha Okinawa elimu hii ilifundishwa kwa siri, aghalabu usiku, na mwalimu kwa wanafunzi wachache. Lakini hata katika siri hiyo palikuwa na kitabu. Mabingwa walikuwa na maandiko ya Kichina yaitwayo Bubishi, waliyonakiliana kwa mkono, yenye habari za mapigo, za mahali pa hatari katika mwili, na za dawa za miti. Miyagi Chojun, aliyeishi kati ya mwaka 1888 na 1953, alichota jina la mtindo wake, Goju, yaani ugumu na ulaini, katika maandiko hayo. Na mtindo huu wa Goju ndio uliofika kwetu katika miaka ya 1970, pale Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alipoanza kufundisha karate katika Shule ya Msingi Zanaki, Dar es Salaam. Basi wale waliosimama katika uwanja wa Zanaki mbele ya mwalimu wa damu na nyama walikuwa wakiitwa kwa jina lililotoka kitabuni.

Zaidi ya hayo, mtu aliyeitoa karate kisiwani na kuieneza katika Japani nzima alikuwa mwalimu wa shule. Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufa mwaka 1957, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha elimu yake, na katika mwaka ule ule akatoa kitabu. Tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 liliangamiza vibao vya kuchapia kitabu hicho. Wala hakusema, "Basi, Mungu hakupenda." Alikitoa upya mwaka 1925, na mwaka 1935 akatoa kingine kikubwa zaidi. Mtu huyu alikuwa na wanafunzi mbele yake kila siku, na hata hivyo aliona kuwa mwili wake hauwezi kufika kila mahali, na kuwa siku moja hautafika popote. Naongeza jambo litakalowagusa wasomaji wa kurasa hizi: Funakoshi alikuwa pia mtunga mashairi. Jina lake la ushairi lilikuwa Shoto, maana yake ni mvumo wa misonobari upepo upitapo, na ukumbi wa wanafunzi wake uliitwa Shotokan, yaani jumba la Shoto. Mtindo wa karate ulioenea kuliko mingi duniani unaitwa kwa lakabu ya mshairi. Anayefikiri kuwa ngumi na kalamu hazijuani, na arudi akasome.

Mpinzani wa pili asema kuwa lugha si kitu, kwa kuwa kitabu cha karate ni picha, na picha husomwa na mataifa yote. Huyu simjibu kwa hoja, namjibu kwa mkono wa binamu yangu. Picha ilionyesha nguzo, haikuonyesha kuwa nguzo ile hupinda, maana kupinda ni tendo na picha imesimama. Picha ilionyesha ngumi, haikuonyesha ni vifundo vipi vinavyobeba uzito, maana uzito hauonekani. Picha ilionyesha mtu anayepiga, haikuonyesha kuwa alianza majuma mengi nyuma kwa kugusa tu. Umbo la jambo huonekana kwa macho, lakini sababu ya jambo, kipimo chake na onyo lake hukaa ndani ya maneno. Ampaye mtoto picha na kumnyima maneno amempa kisu, akamficha mpini.

Mpinzani wa tatu ndiye aniudhiye kuliko wote, kwa sababu hujifanya rafiki wa Kiswahili. Yeye asema: "Laiti tungeweza! Lakini Kiswahili hakina istilahi za mambo hayo." Ndugu yangu, umewahi kusikiliza mpira katika redio? Nani aliyekaa katika kamati akaamua kuwa kupitisha mpira katikati ya miguu ya adui kuitwe tobo, na kuurusha juu ya kichwa chake kuitwe kanzu? Nani alitunga chenga, na danadana, na kuotea, na mlinda mlango? Watangazaji walikuwa na mchezo mbele ya macho na wasikilizaji nyuma ya redio, na haja ikazaa maneno kabla wataalamu hawajaamka. Lugha haikosi maneno ya kazi isipokuwa kazi yenyewe imenyimwa lugha. Hata neno kata, ambalo Wajapani hulitumia kwa mfululizo wa mapigo yanayokaririwa, halitutishi. Tunalo kata la kuchotea maji, na kata ya kuwekea mzigo kichwani, na kata ya utawala, ambayo Kwamndolwa yenyewe ni mojawapo. Maana ya nne haitatuua.

Lakini nisijibu kwa maneno juu ya maneno. Nitaeleza hapa, kwa Kiswahili cha kawaida, jinsi ngumi ya moja kwa moja ipigwavyo, na msomaji awe mwamuzi.

Kunja vidole vinne kuanzia ncha zake, kiungo baada ya kiungo, hata ncha ziguse mizizi ya vidole ndani ya kiganja. Kisha laza kidole gumba kwa nje, juu ya shahada na cha kati. Usikifiche ndani ya ngumi, maana kitavunjika. Nyoosha kifundo cha mkono, mgongo wa kiganja ulingane na mkono kama ubao mmoja. Utapiga kwa vifundo viwili vya kwanza. Vya mwisho viache, kwa kuwa mfupa ulio nyuma ya kidole cha mwisho ni mwembamba na hauna tegemeo. Ngumi ianzie ubavuni, juu ya nyonga, kiganja kikitazama juu. Iende mbele kwa njia iliyonyooka, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Ikaribiapo mwisho wa safari yake, igeuke hata kiganja kitazame chini. Na wakati huo huo mkono wa pili urudi ubavuni kwa kasi ile ile. Usiukaze mkono njiani. Ukaze mwisho tu, kisha ulegeze. Na upigapo hewa, usiache kiwiko kinyooke mpaka ukomo wake, maana nguvu yako mwenyewe itakijeruhi kiungo chako.

Je, msomaji, umehitaji kamusi? Katika maelezo yale hamna neno ambalo mtoto wa darasa la sita wa Kwamndolwa halijui, na ndani yake muna kila onyo ambalo lingaliuokoa mkono wa binamu yangu. Nakiri kwamba nilisita mahali pamoja, penye neno kiwiko. Kwetu wengi hulitumia kwa kiungo cha katikati ya mkono, lakini kamusi za zamani huliweka penye kifundo cha kiganja, na kwa kiungo cha katikati zina maneno mengine. Mtaalamu mvivu ataona hapo udhaifu wa Kiswahili. Mimi naona kazi ambayo hatujaifanya. Mhusika wa riwaya akiumia kiwiko, hapana msomaji anayedhurika kwa kutojua ni kiungo gani, na kwa hiyo hatukulazimika kuamua. Mwandishi wa kitabu cha mafunzo hana uhuru huo. Asipoamua, mtu ataumia. Kuandika mafunzo ya mwili kungaliinoa lugha yetu mahali ambapo riwaya na mashairi hayakuwahi kuinoa.

Nao wenye karate walitutangulia katika kazi hii ya maneno. Jina lenyewe la karate liliandikwa zamani kwa herufi zenye maana ya mkono wa Kichina. Tarehe 25 Oktoba 1936, mabingwa wa Okinawa walikutana mjini Naha, katika baraza lililoitishwa na gazeti la huko, wakajadili jina na herufi zake, wakaelekea katika maandishi yenye maana ya mkono mtupu. Watu wenye ngumi za chuma walikaa kitako kujadili tahajia! Na Funakoshi alipoona kuwa wanafunzi wa Tokyo hawayaelewi majina ya mapigo yaliyotoka Okinawa na Uchina, aliyabadili: Naihanchi akaiita Tekki, farasi wa chuma, Kushanku akaiita Kanku, kutazama mbingu. Hakuogopa kuwa elimu itaharibika kwa kutafsiriwa. Aliogopa kuwa itakufa kwa kutoeleweka. Sisi tunaye nani aliyeogopa hivyo?

Mpinzani wa nne yumo ndani ya nyumba yetu. Miaka michache iliyopita, katika kikao cha idara moja ya Kiswahili, nilileta shauri kwamba mwanafunzi wa shahada aruhusiwe kuandika, kuwa ndiyo tasnifu yake, kitabu cha mafunzo cha Kiswahili pamoja na uchambuzi wa lugha aliyoitumia: mafunzo ya kuogelea, au ya kushona, au ya karate. Mwenzangu mmoja, mtu wa elimu nyingi, alisema kwa upole, "Hiyo si fasihi, wala si isimu." Wengine walicheka, na shauri langu likazikwa bila sanda.

Sitaki kugombana juu ya mpaka wa neno fasihi. Nauliza tu tumepata wapi kiburi cha kudharau nathari ya kazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilitoka Ujerumani mwaka 1903, hakuona haya kueleza jinsi mambo yafanywavyo, harusi, ngoma, safari na tiba, na leo tunakihesabu kitabu chake kuwa hazina ya nathari yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vya Kiswahili vilivyowaeleza jinsi ya kuchimba choo na kuepukana na malaria, kisha wakasimama wakachimba. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, lakini kiongozi yule hakuwa tabibu. Tabibu alikuwa kitabu na redio. Na kitabu cha David Werner kilipofasiriwa kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, kimewafundisha wasomaji wa vijijini kufunga jeraha na kumpokea mtoto anayezaliwa, mambo mazito kuliko ngumi. Hakuna aliyesema kuwa mkunga asiye na mwalimu, mwalimu wake ni shetani. Tulifurahi kuwa kipo. Jina lenyewe la kitabu kile latosha kuwa hoja yangu yote: pasipo na daktari, na kiwepo kitabu, lakini kiwe kitabu kinachosomeka.

Pengine mtu atasema kuwa nalaumu idara za Kiswahili kwa kosa la dola. Ni kweli kuwa dola ina fungu lake. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kuwa Kiswahili kifundishie katika shule za sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania hujifunza kwa lugha moja hata darasa la saba, kisha huvushwa mto mpana wa lugha nyingine, na anayeshindwa kuvuka hubaki ng'ambo bila vitabu. Lakini hakuna sheria iliyotukataza kuwaandikia waliobaki ng'ambo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa mwaka 1964, Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Vyombo tunavyo, tena vya siku nyingi. Tumevitumia kujisomea sisi kwa sisi. Tumeandika makala kwa makala juu ya uwezo wa Kiswahili kubeba elimu, na nyingine tumeziandika kwa Kiingereza. Anayetaka kujua kama punda anaweza kubeba mzigo hamwandikii punda tasnifu, humtwika.

Nasema basi, bila kumung'unya maneno: mwanachuo wa Kiswahili ambaye hawezi kumweleza mtoto, kwa maandishi, jinsi ya kukunja ngumi bila kujivunja, hajaijua lugha yake, hata akiwa na shahada tatu. Nami nina hizo tatu, wala sijitoi katika lawama hii. Nimefundisha kwa miaka mingi, nimesahihisha tasnifu juu ya taswira na ishara na dhamira, na kitabu cha mafunzo sijaandika hata kimoja. Kile cha Kiingereza kisicho na jalada ninacho bado, juu ya rafu, kati ya kamusi mbili.

Ninachotaka ni kidogo. Kila idara ya Kiswahili na iruhusu kitabu cha mafunzo kuwa kazi ya shahada, kwa masharti matatu: mwandishi akae na bingwa wa kazi hiyo hata aijue kwa mwili wake, maelezo yake yajaribiwe na watu wasioijua kazi, mbali na bingwa, ili ionekane wanapokosea, na kila palipokosewa paandikwe upya. Sharti la pili ndilo jibu langu kwa baba yangu. Kitabu hakina macho, lakini mwandishi anayo, na anaweza kumwona msomaji akikosea kabla kitabu hakijachapwa. Mabingwa wa karate wapo nchini mwetu, wengine ni wanafunzi wa wanafunzi wa Zanaki, na umri unakwenda. Wakifa bila kuandikiwa, tutarudi kwenye picha.

Mwaka jana nilikwenda Kwamndolwa. Binamu yangu ana mjukuu wa dada yake anayekaa naye, mvulana wa miaka kumi na mmoja, ambaye ameanza kupiga ngumi shina la mwembe. Jioni nilimsomea aya ile ya ngumi niliyoiandika hapo juu. Alisikiliza, akakunja vidole, akatoa gumba nje, akanyoosha mkono polepole, akaugeuza. Binamu yangu alikuwa ameketi mkekani akitazama. Alimwambia, "Hapo kwenye vifundo, soma tena, mjomba hakusoma kwa sauti." Nilisoma tena. Mtoto akatazama ngumi yake, kisha akautazama mkono wa babu yake, akauliza kwa nini hayo hayamo katika kitabu cha shule. Sikuwa na jibu la kumpa, na ndiyo maana nimewaandikia ninyi.